Je, Wajua? Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Kadi ya Michoro

Kadi ya michoro, ambayo wachezaji wengi wa gemu huiita GPU, mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani ya kompyuta ya gemu. Yajue haya kabla hujatoa pesa.

Je, wajua kuwa mwaka 1996 mchezaji aliyetaka kadi ya Voodoo alihitaji kadi mbili? Voodoo ya kampuni ya 3dfx ilichora gemu za 3D tu. Madirisha na maandishi ya kawaida yalichorwa na kadi nyingine iliyokaa kando yake.

Je, wajua kuwa uchaguzi huanzia kwenye skrini? Skrini ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Ya 4K ina pikseli 8,294,400, mara nne kamili. Kadi inayotamba kwenye ya kwanza yaweza kuchechemea kwenye ya pili. Tena skrini ya Hz 60 hubadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, hata kadi ikichora 140.

Je, wajua kuwa jina moja huweza kubeba kadi mbili tofauti? GT 1030 ya Nvidia ilitoka ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, kisha likaja toleo la DDR4 lenye jina lilelile, ambalo kumbukumbu yake hupitisha data kwa takriban theluthi moja tu ya kasi ya lile la awali. Soma maandishi yote ya boksi, usiishie kwenye jina.

Je, wajua kuwa kadi mpya yaweza kuwa na kumbukumbu ndogo kuliko iliyoitangulia? RTX 3060 iliingia sokoni mwaka 2021 na GB 12. RTX 4060 ikaja mwaka 2023 na GB 8. Hata hivyo, hii ya pili hula wati 115 badala ya 170.

Je, wajua kuwa nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 tu? RTX 4090 ya mwaka 2022 huhitaji hadi wati 450, na ile iliyotengenezwa na Nvidia yenyewe ina urefu wa sentimita 30.4. Pima kasha na usome lebo ya pawasaplai kwanza.

Je, wajua kuwa baada ya mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum kuacha uchimbaji uliotumia kadi za michoro mnamo Septemba 2022, kadi nyingi za wachimbaji ziliingia soko la mitumba? Ukinunua ya mtumba, omba iwashwe mbele yako na gemu nzito ichezwe kwa muda, huku ukisikiliza feni na kutazama kama picha inaingia madoa.

Je, wajua kuwa kadi si mkosaji kila mara? Punguza idadi ya pikseli za gemu kutoka 1080p hadi 720p. Fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zisipoongezeka, huenda prosesa ndiyo inayokwamisha, na kadi mpya haitakufaa. Kama gemu yako ina FSR ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, iwashe pia: huchora picha ndogo na kuikuza, na toleo lake la kwanza hufanya kazi hata kwenye kadi nyingi za zamani.

Badilisha kadi pale gemu unazozipenda zinapokushinda baada ya kufanya haya yote. Kutoka kwa toleo jipya peke yake si sababu ya kutumia pesa zako.