Shabiki wa Tanga afunga pochi: nani anabeba hasara ya soka?

KWA mfanyabiashara mdogo wa Tanga, siku ya mechi katika uwanja wa Mkwakwani ni siku ya soko. Mama lishe huongeza sufuria la pilau, mwenye bodaboda hapumziki, nyumba za wageni hupata wasafiri, na wapenzi wa soka kutoka Muheza na Pangani huingia mjini na fedha mfukoni.

Tatizo ni kwamba soko hilo limegeuka la msimu. Simba au Yanga wakija, uwanja hujaa. Ikija timu nyingine, aliyepika sufuria mbili hurudi nyumbani na moja. Mteja yupo mjini, ana fedha na bado anapenda soka. Kilichopungua ni imani yake kwa bidhaa anayouziwa.

Jambo hili lina historia, na wenye mitaji midogo wanaotegemea umati wa Mkwakwani wanapaswa kuielewa kabla hawajatoa shilingi yao.

ENZI ZA NEEMA

Coastal Union, "Wagosi wa Kaya", ilianzishwa mwaka 1948. Pamoja na watani wao wa jadi, African Sports au "Wana Kimanumanu", iliufanya mji wa mkonge na bandari kuwa moja ya ngome za kandanda nchini. Mwaka 1988 Coastal ilitwaa ubingwa, na wazee wa Ngamiani wanaukumbuka mwaka huo kama wakulima wanavyokumbuka mwaka wa mavuno.

Wakati huo klabu iliishi kwa vitu vitatu: kiingilio cha mlangoni, ada za wanachama na mikono ya wafadhili wa mjini. Vyote vitatu vilitoka kwa watu wa Tanga. Shabiki alikuwa mteja na pia, kwa namna fulani, mwenye mali. Akinuna, viongozi walisikia.

Hali ya mji ilipobadilika, msingi huo ulitikisika. Bei ya mkonge ilianguka, viwanda kadhaa vikafungwa au kupunguza wafanyakazi, na mishahara iliyokuwa ikilipia viingilio ikapungua. Kisha televisheni za setilaiti zikaingia. Kibanda umiza cha mtaani kikaanza kuuza Ligi Kuu ya Uingereza kwa bei ya chai na vitumbua. Kwa mara ya kwanza Mkwakwani ilipata mshindani wa kibiashara, tena mwenye bidhaa bora na bei ya chini.

MWAKA WA PIGO

Mwaka unaotajwa zaidi ni 2016. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Nafasi za kushuka daraja zilikuwa tatu, na zote zikachukuliwa na Tanga. Mkoa uliouza mechi za Ligi Kuu karibu kila wiki ukabaki bila hata moja.

Mwezi Aprili mwaka huohuo, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Coastal na Yanga ilivunjika Mkwakwani katika muda wa nyongeza baada ya vurugu za mashabiki, na Yanga ikapewa ushindi. Kurusha mawe hakuna utetezi. Hata hivyo, hasira ile ilionyesha kuwa wengi waliokuwa majukwaani hawakuamini tena kwamba matokeo huamuliwa na miguu ya wachezaji peke yake.

Hawakuwa wakiota ndoto za mchana. Msimu huo, kundi C la Ligi Daraja la Kwanza lilimalizika kwa mechi mbili za matokeo ya 8-0 na 7-0, huku timu zilizoshinda zikihitaji mabao mengi ili zipande. Kamati ya nidhamu ya TFF iliona upangaji wa matokeo na kuzishusha daraja timu zilizohusika. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Adhabu ilitolewa, lakini sokoni mteja akishauziwa mchele wenye mawe mara moja, gunia linalofuata atalipekua kwanza.

HESABU YA MLANGONI

Coastal ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19, msimu ambao ligi yenyewe ilianza bila mdhamini mkuu. Hapo ndipo ugumu wa kuendesha klabu ya mkoani ulipoonekana wazi.

Tufanye hesabu ya mfano. Watu 2,000 wakilipa Sh 3,000 kila mmoja, zinapatikana Sh 6,000,000. Ukitoa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya kiingilio, zinabaki takriban Sh 5,085,000. Hapo bado hujalipa uwanja, ambao si mali ya klabu bali ni wa CCM, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Bado pia gharama za mchezo, ulinzi na migawo mingine. Tuseme nusu ya kilichobaki ndiyo inaifikia klabu: ni kama Sh 2,500,000.

Sasa ipeleke timu Bukoba, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Tanga. Watu 30 kwa siku nne, chakula na malazi kwa Sh 40,000 kwa siku, ni Sh 4,800,000 kabla hujatia mafuta kwenye basi. Mechi ya nyumbani haiwezi kulipia safari moja ya ugenini.

Upande wa pili, watu 8,000 wakiingia kuiona Yanga kwa Sh 5,000, mlangoni zinapatikana Sh 40,000,000. Mechi hiyo moja ina thamani ya mechi sita na ushei za kawaida. Ndiyo maana mipango ya klabu nyingi za mikoani huzunguka tarehe mbili za kalenda, na mechi zilizobaki hutangazwa kwa unyonge. Mteja wa kila wiki anaona kuwa duka halimhitaji.

FEDHA ZINATOKA WAPI?

Pengo la mlangoni limezibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni televisheni na udhamini. Mwaka 2021 TFF na Azam Media zilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Kwa klabu, hiyo ni afueni ya kweli, kwani fedha huja hata uwanja ukiwa mtupu. Lakini palepale ndipo penye ugonjwa: klabu ikiweza kuishi bila umati, haraka ya kumbembeleza shabiki hupungua. Naye shabiki anaweza kuitazama timu yake akiwa Makorora au Chumbageni bila kukanyaga Mkwakwani. Anayepoteza ni muuza karanga wa getini, ambaye hana mgawo katika haki za matangazo.

Udhamini nao umeleta maswali yake. Mwaka 2021 GSM, kampuni inayohusishwa na Yanga, iliingia kama mdhamini mwenza wa ligi nzima. Simba iligoma kuvaa nembo yake, na Februari 2022 kampuni hiyo ikajitoa. Kampuni hiyohiyo ilikuwa ikidhamini pia klabu nyingine, Coastal ikiwamo. Si lazima pawe na kosa lolote ili mteja awe na mashaka. Mkono mmoja ukionekana kwenye meza nyingi, watu huuliza.

Njia ya pili ni kuuza wachezaji. Mwaka 2020 Coastal iliwapoteza kwa mpigo Bakari Mwamnyeto aliyekwenda Yanga, Ibrahim Ame aliyekwenda Simba na Ayoub Lyanga aliyekwenda Azam. Msimu uliofuata timu iliponea chupuchupu, ikibaki Ligi Kuu kwa mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza. Mwaka 2024 ikazuka sokomoko juu ya beki Lameck Lawi: Simba ilimtangaza kuwa wake, Coastal ikasema malipo hayakufika kwa wakati na mauzo hayapo.

Kibiashara, kuuza si dhambi. Mkulima huuza mahindi. Malalamiko ya shabiki ni kwamba haoni mbegu ikirudi shambani. Haambiwi mchezaji ameuzwa kiasi gani, wala fedha zimenunua nini.

BADO KUNA WATEJA

Haitakuwa haki kusema bidhaa yote ni mbovu. Mwaka 2022 Coastal ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha, ikatoka sare ya 3-3 na Yanga na kushindwa kwa penalti tu. Msimu wa 2023/24 ilimaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Nyakati hizo jezi nyekundu na nyeupe zilionekana tena mitaani. Kumbe mteja hakuhama mji. Alikuwa akisubiri bidhaa.

Kwa mwekezaji mdogo, somo ni la tahadhari. Mfumo wa hisa ulioruhusiwa kwa klabu za wanachama huwaachia wanachama asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49. Simba, iliyomtangaza Mohammed Dewji mwaka 2017 kwa Sh bilioni 20, imeonyesha jinsi mabadiliko hayo yanavyoweza kuchukua miaka. Siku klabu ya Tanga itakapobisha hodi na karatasi za hisa, maswali yawe manne: hesabu zilizokaguliwa ziko wapi? Uwanja ni wa nani? Mikataba ya wachezaji inakwisha lini? Na mapato ya mechi zisizo za Simba wala Yanga ni kiasi gani?

Swali la mwisho ndilo kipimo cha kweli. Mapato ya mechi mbili kubwa hupima umaarufu wa wageni. Mapato ya mechi ya Jumatano na timu ya kawaida ndiyo yanayoonyesha ni watu wangapi wa Tanga bado wanaiamini timu yao.

Kwa wafanyabiashara wa kuzunguka uwanja, ushauri ni mwepesi: pika kwa kufuata ratiba, usipike kwa kufuata mapenzi. Na kwa viongozi wa klabu, tangazo la mapato na matumizi likibandikwa getini kila baada ya mechi litagharimu karatasi moja na gundi. Hakuna mdhamini anayehitajika kwa hilo.