Ng'ombe Hajui Jumapili

Saa kumi na moja alfajiri Walungu ni ukungu mtupu. Huku ni milimani, mashariki mwa Kongo. Mtu wa mjini Bukavu akipanda bila koti hujuta, na ng'ombe akitoa pumzi unaiona. Mzee aliyenipokea alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake, kipaji cha uso kimeegemea tumbo la mnyama, mikono ikipokezana, maziwa yakigonga ndoo ya plastiki ambayo zamani ilikuwa ya rangi ya ukuta. Kabla ya kuanza alikuwa amefanya ishara ya msalaba, haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Ilikuwa Jumapili. Nikamuuliza kama hatutachelewa misa ya kwanza.

"Ng'ombe hajui Jumapili, mtoto yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Padiri anatujua. Naye kwao wanafuga."

Kiswahili kinatumia neno moja, mchungaji, kwa anayetembea nyuma ya ng'ombe na kwa anayesimama mbele ya waumini. Mjini tumeshasahau kwamba ni neno moja. Tunamwita mtu mchungaji naye amevaa suti, ana gari, na pengine hajawahi kukanyaga kinyesi cha ndama. Walungu neno hilo bado lina harufu. Mahubiri juu ya kondoo aliyepotea hapa husikilizwa na watu ambao wiki hiyo hiyo walikesha wakitafuta mnyama bondeni kwa tochi ya simu, na wanajua kama mhubiri anakijua anachokisema au anasoma tu.

Huko Marekani, hasa Texas, kuna makanisa ya kaubo. Watu huingia ibadani na kofia pana na buti, na wengine hubatizwa ndani ya birika la kunyweshea mifugo. Nimeona picha zake na sikucheka. Ni watu waliotaka kumwabudu Mungu bila kujifanya si wafugaji. Lakini kaubo ana farasi na uwanda usio na mwisho. Mchungaji wa Walungu hana farasi wala uwanda. Ana fimbo, koti la mitumba linalomfika magotini, na ukanda wa majani uliobanwa kati ya mihogo ya huyu na migomba ya yule. Kazi yake kubwa si kumlinda ng'ombe na simba. Ni kuyalinda maharage ya jirani yasiliwe na ng'ombe, maana maharage yakiliwa leo asubuhi, kesi iko kwa chifu kabla ya jioni, na kesho kutwa watu wawili hawapeani mkono wa amani kanisani.

Walungu ni nchi ya Bashi, na ina himaya mbili za kimila: Ngweshe, iliyo kubwa, na Kaziba. Kwa Kimashi ng'ombe ni enkafu, na bila enkafu zamani karibu hakuna jambo la maana lililofungika. Mke alitolewa kwa ng'ombe. Ardhi nayo ilipatikana kwa ng'ombe: ardhi ilikuwa ya mwami, mtawala wa himaya, na mtu aliyetaka kipande cha kilima alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, akapokelewa yeye na uzao wake. Asiyeweza kalinzi alichukua bwasa, haki nyepesi ya kulima kwa muda, isiyorithiwa na mtoto. Hakukuwa na karatasi. Ng'ombe ndiye aliyekuwa hati, mhuri na shahidi, na kila ndama aliyezaliwa kwa huyo aliyetolewa aliwakumbusha watu nani alimpokea nani.

Mungu alikuwapo kabla ya padiri wa kwanza. Bashi walimwita Nyamuzinda, na jina hilo halikutupwa. Hadi leo linasikika katika sala za Kimashi kanisani. Aliyekataliwa ni Lyangombe, yule ambaye nchi nyingi za Maziwa Makuu zilimheshimu kuliko mizimu yote, na ambaye simulizi zinasema aliuawa na pembe za nyati akiwa mawindoni. Nimewaza mara nyingi juu ya jambo hilo: watu walioishi kwa pembe, na mkuu wa mizimu yao aliyekufa kwa pembe. Wamisionari hawakuwa na muda wa kuwaza hivyo. Waliotaka ubatizo walitakiwa kuachana naye kabisa.

Mapadri Weupe walifika Nyangezi, upande wa Ngweshe, mwaka 1906. Kaziba ilichukua njia nyingine: mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuja Wapentekoste kutoka Norwe, na hadi leo hospitali na kanisa lao ndivyo vinavyotajwa kwanza ukiuliza habari za Kaziba, pamoja na wahunzi na wafanyabiashara wake. Kwa hiyo kilima kimoja kina misa na kingine kina ibada ya magitaa, na ng'ombe wa pande zote mbili hukutana kwenye kijito kimoja bila kujali.

Mambo mengi yalikatazwa, lakini mahari hayakuguswa, na sidhani yangeweza kuguswa. Padri yeyote aliyekaa huku miaka miwili alijifunza kwamba binti ambaye ng'ombe wake hajafika kwa baba yake, mbele ya ukoo bado hajaolewa, hata kama kengele zimepigwa na pete imevaliwa. Hivyo kanisa likajifunza kungoja. Kwanza wazee waongee, kinywaji cha ndizi kipite, ng'ombe atajwe, akaguliwe, apokelewe. Ndipo tangazo lisomwe mimbarini. Siku hizi ng'ombe huyo mara nyingi ni wa noti. Mshenga husimama na kusema kwa sauti ya kiume kabisa kwamba ameleta ng'ombe kadhaa, kisha anatoa bahasha ya dola. Wazee wanazihesabu noti kwa makini, wanairudisha ile yenye mpasuko, halafu mmoja anauliza, naye hacheki: "Huyu ana mimba au hana?"

Nisiwasifu sana wafugaji, hata kama ni watu wangu. Milima hii ya maziwa ndiyo iliyojulikana kwa bwaki, ule ugonjwa wa utapiamlo unaomvimbisha mtoto miguu na kumbadilisha nywele rangi. Ulisumbua kiasi kwamba mjini Bukavu iliundwa kamati iliyobeba jina la kuupiga vita. Sababu zake zilikuwa nyingi: watu wengi juu ya ardhi ndogo, mihogo kutwa kucha, mashamba makubwa ya walowezi yaliyokula vilima vizuri. Lakini mojawapo ilikuwa ndani ya boma letu. Ng'ombe alikuwa heshima ya baba, maziwa yaliuzwa au yalipewa wageni, na mtoto alibaki na ugali na sombe. Masista katika vituo vya lishe walihubiri jambo hilo bila kufungua Biblia: walimpa mama kikombe, wakamwonyesha mtoto.

Ardhi yenyewe iliendelea kusinyaa. Sheria ya Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya serikali. Mwenye karatasi kutoka ofisini akawa na nguvu kuliko mwenye kalinzi ya babu yake, na wenye majina mjini wakajipatia vilima vizima vya malisho kwa kalamu. Ndiyo maana ukipita kwa gari unaona kilima kimoja cha kijani chenye seng'enge na ng'ombe kadhaa wanene, na kando yake vilima vitatu vilivyogawanywa vipande kama shuka lenye viraka. Kile cha seng'enge ndicho ranchi yetu. Anayeichunga hana hata mkia wa ng'ombe wake mwenyewe. Analipwa kwa mwezi, akilipwa.

Halafu ikaja vita. Kuanzia 1996, na hasa miaka iliyofuata, watu wenye bunduki waliteremka kutoka msituni upande wa Nindja na Kaniola usiku baada ya usiku. Walichukua watu, na walichukua ng'ombe. Mara nyingi waliwachukua pamoja, mateka akiswaga ng'ombe wake mwenyewe kuingia msituni. Familia ziliuza mnyama wa mwisho kumkomboa binti. Wengine waliacha nyumba kila jioni wakalale vichakani, na swali la kila jioni lilikuwa ng'ombe alale wapi, kwa sababu ng'ombe hawezi kuambiwa anyamaze. Mzee wangu wa ile alfajiri alikuwa na kumi na wanne. Siku moja aliamka hana hata mmoja. "Hata kamba walibeba," aliniambia. Nadhani kamba ndiyo iliyomuuma zaidi.

Mwaka huo wa 1996 ndipo alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Alikuwa Mjesuiti, mtoto wa huku huku, aliyezaliwa 1926 upande wa Burhale. Vita ilipoufikia mji wa Bukavu alikataa kuondoka, akaendelea kuandika na kusema wazi juu ya wakimbizi na raia, na tarehe 29 Oktoba askari wakampiga risasi mjini. Vijijini Walungu watu hawamzungumzii kama mtu wa vitabu. Wanamzungumzia kwa lugha ya kazi yao: alibaki na zizi.

Baada ya ng'ombe kwisha, watu hawakuacha kufuga. Walipunguza ukubwa wa mnyama. Mbuzi, kuku, sungura, na zaidi ya wote simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaokimbia chini ya kitanda na nyuma ya mafiga. Simbilisi anakula maganda ya viazi, anazaa bila kuombwa, na ana sifa moja ambayo ng'ombe hajawahi kuwa nayo: mwenye bunduki hamthamini, na mtoto anaweza kukimbia naye ndani ya shati. Ukimwuza unapata daftari na kalamu. Mwaka 2008 shirika la Kikongo PAIDEK pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walianza Walungu mradi wa Pigs for Peace: familia inakopeshwa nguruwe jike, naye akizaa, inarudisha watoto wawili ambao wanakwenda kwa familia nyingine. Ukiitazama vizuri ni desturi ya zamani ya kuwekeana mnyama, ila yenye mkataba, na mara nyingi jina lililoandikwa ni la mwanamke. Hilo ndilo lililowashtua wazee, si nguruwe. Boma la ng'ombe lilikuwa la baba. Banda la nguruwe ni la mama, na hela yake mama anajua ilipo. (Jirani Msabato naye alipinga, kwa sababu zake zinazojulikana, akapewa ushauri wa kufuga sungura, akaambiwa na mtu mwingine kwamba sungura pia yumo katika orodha ya Walawi. Mwishowe alichukua mbuzi.)

Ng'ombe wanarudi, mmoja mmoja. Ukienda soko la Mugogo utawaona, na utaona wanunuzi wakiwafungua midomo na kuwabinya chuchu. Na wakirudi, ile mila ya kusaidiana inarudi nao. Nilikuwapo siku ng'ombe wa jirani alipokufa kwa homa ya kupe. Watu wa shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya Kikristo inayokutana nyumba kwa nyumba, walikuja kama wanavyokuja kwenye matanga: mama wakakaa chini, sala ikasomwa, mtu akaanzisha wimbo. Kisha nyama ikakatwa, kila nyumba ikachukua fungu lake kwa mkopo, ili mwenye ng'ombe apate walau nusu ya kuanzia. Katibu aliandika madeni katika daftari lile lile la sadaka, kurasa za nyuma. Nilitazama: mbele, zaka; nyuma, maini kilo moja, mguu wa kushoto, kwato.

Anayebaki nje ya haya yote ni mtoto anayechunga. Katika nyumba nyingi wavulana wanapokezana, mmoja misa ya kwanza, mwingine ya pili. Nyumba yenye mvulana mmoja haina wa kumpokea. Hakosi misa tu, anakosa katekesimu pia, na siku ya komunyo ya kwanza utamwona kijana wa miaka kumi na mitano, ndevu zinaanza, amesimama katikati ya watoto wa miaka tisa, shati jeupe la kuazima limembana kwapani. Watu wanamtazama kwa upole. Yeye anatazama viatu vyake.

Jumapili hiyo tulifika misa ya pili. Mjukuu wa mzee alibaki juu ya kilima na wale ng'ombe wawili ambao babu yake ameweza kuwapata tena. Tulipotoka, dada yake, kasichana ka miaka minane hivi, alipanda kumpelekea viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, nami nikamfuata. Kijana alikuwa amekaa juu ya jiwe, fimbo mabegani, rozari ya plastiki shingoni. Alisema kengele aliisikia vizuri, na nyimbo, ila maneno ya padiri yalipotelea kwenye upepo.

"Leo alisema nini?"

Dada akamsimulia: mtu mmoja alikuwa na kondoo mia, mmoja akapotea, akawaacha tisini na tisa nyikani akaenda kumtafuta yule mmoja, akampata, akambeba mabegani, akafanya sherehe.

Kijana alitafuna kiazi taratibu, macho kwa ng'ombe.

"Wale tisini na tisa," akauliza, "alibaki nao nani?"

Dada hakujua. Alisema atamuuliza katekista. Ng'ombe mdogo alikuwa ameshaanza kuyanusa maharage ya jirani, na kijana akainuka, kiazi mdomoni, akaenda kumrudisha.