Mtungi Ulio Nyuma ya Bunduki ya Rangi

Mzazi anayempeleka mwanawe kucheza peintiboli kwa mara ya kwanza huuliza swali moja kabla ya mengine yote: zile risasi za rangi zinaumiza? Swali hilo lina haki yake. Kidonge cha rangi hutoka kwenye mtutu kwa kasi inayokaribia mita 90 kwa sekunde. Kikimpata mchezaji pajani humwachia alama ya kuvilia damu kwa siku kadhaa, na kikimpata kwenye jicho lisilofunikwa chaweza kumpofusha. Viwanja vyenye utaratibu mzuri vimelijibu swali hilo kwa barakoa, na anayeivua katikati ya mchezo hutolewa nje. Swali la pili ni nadra kusikika: ule mtungi uliofungwa nyuma ya bunduki ulipimwa lini, na ni nani aliyeigusa valvu yake mara ya mwisho?

Mchezo wenyewe ulianza kwa vifaa hafifu. Mwezi Juni 1981, watu 12 waliingia msituni katika jimbo la New Hampshire, Marekani, wakiwa na bastola zilizoundwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Kila bastola iliendeshwa na kichupa kidogo cha chuma chenye gramu 12 za kabonidioksidi, yaani hewa ya ukaa. (Aliyeshinda siku ile, kama inavyosimuliwa, hakufyatua hata risasi moja.) Tangu hapo bunduki zimebadilika, mchezaji mmoja hufyatua mamia ya risasi kwa siku, na kichupa kile kimegeuka mtungi unaojazwa tena na tena. Mchezo umekwisha kufika Nairobi na miji mingine mingi ya dunia, na mitungi imefika pamoja nao.

Viungo viwili vya skrubu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana mmoja na mama mmoja walipoteza maisha nchini Marekani katika ajali mbili tofauti zilizofanana mno. Hakuna aliyeuawa na risasi ya rangi. Wote wawili walipigwa na mtungi wa hewa ya ukaa ulioruka kama roketi, na Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ikalazimika kutoa onyo kwa umma.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Shingoni mwa mtungi kuna viungo viwili vya skrubu vinavyofuatana. Cha kwanza huunganisha chupa na valvu. Cha pili huunganisha valvu na bunduki. Kile cha kwanza hukazwa kiwandani kwa gundi maalumu, na mchezaji hana ruhusa ya kukigusa. Cha pili hufungwa na kufunguliwa kila siku ya mchezo. Tatizo ni kwamba vyote viwili hufunguka kwa kuzungushwa upande uleule. Ikiwa kiungo cha kwanza kimelegea, pengine kwa sababu mtu asiye na ujuzi aliifungua valvu ili abadilishe kifaa fulani kisha akairudisha bila gundi, mchezaji anayedhani anautoa mtungi kwenye bunduki kumbe anaitoa chupa kwenye valvu. Mkono hauhisi tofauti yoyote. Valvu hubaki kwenye bunduki, nayo chupa huondoka na shinikizo lake lote.

Kinga iliyopendekezwa haihitaji maabara. Chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaoanzia kwenye valvu na kuteremka hadi kwenye mwili wa chupa. Mstari ule ukiendelea kunyooka, kiungo hakijasogea. Ukikatika, hata kwa upana wa punje ya mchele, mtungi usitumike tena mpaka ukaguliwe na fundi anayestahili. Vivyo hivyo wakati wa kuutoa mtungi: tazama valvu. Yapasa izunguke pamoja na chupa. Chupa ikizunguka huku valvu imesimama, acha papo hapo, waondoe watu karibu, umwite fundi. Kwa maoni ya mwandishi, msimamizi wa uwanja asiyejua habari ya mstari huu hajawa tayari kuwapokea watoto.

Nguvu iliyofichika ndani ya lita moja

Viwanja vingi sasa vimeiacha hewa ya ukaa na kutumia hewa ya kawaida iliyogandamizwa. Mabadiliko hayo yana faida zake, ila yasimdanganye mtu kwamba hewa tunayoivuta ni kitu cha upole. Tairi la gari dogo hujazwa takriban paundi 30 kwa inchi ya mraba. Mtungi wa alumini wa peintiboli hujazwa hadi 3,000, na ule uliozungushiwa nyuzi za kaboni hadi 4,500. Huu wa pili, wenye ujazo wa lita moja na kidogo, humeza takriban lita 300 za hewa. Kwa hesabu ya makadirio, mtungi huo ukipasuka ghafla huachia nguvu inayolingana na ya gari la tani moja linalokwenda kilomita 40 kwa saa. Gari hilo tungelikwepa barabarani; mtungi tunauegemeza begani, karibu na shavu.

Hewa ya ukaa nayo ina tabia yake, inayowahusu hasa watu wa pwani. Ndani ya mtungi hukaa kama kimiminika, na juu yake huachwa nafasi kwa ajili ya kutanuka. Ndiyo sababu mtungi hujazwa kwa kupimwa kwenye mizani, wala si kwa kukisia. Inapovuka nyuzi joto 31 za Selsiasi, hewa hii haiwezi tena kubaki kimiminika hata ikibanwa vipi, na shinikizo katika mtungi uliojazwa kupita kiasi hupanda kwa haraka ya kutisha. Nyuzi 31 ni mchana wa kawaida Mombasa au Dar es Salaam. Ndani ya gari lililofungwa vioo juani, ni mwanzo tu. Valvu ina kisahani chembamba cha chuma kilichowekwa makusudi kipasuke kwanza ili hewa itoke kabla ya chupa kushindwa. Wapo wanaokichoka kisahani hicho kwa sababu hupasuka mara kwa mara, wakaweka kinene zaidi au wakaziba tundu. Hao wamegeuza chupa kuwa bomu.

Mafuta ni adui mwingine. Bunduki ya rangi hupakwa mafuta ili sehemu zake ziteleze, na mkono uleule ulioipaka hushika chuchu ya kujazia mtungi. Hewa inaposukumwa kwa kishindo kwenye nafasi ndogo hupata joto kali, kiasi cha kuweza kuyawasha mafuta kama yanavyowashwa ndani ya injini ya dizeli. Wauguzi wanaijua kanuni hii kwa njia nyingine, kwani valvu ya mtungi wa oksijeni wodini haipakwi mafuta kamwe. Chuchu ifutwe kwa kitambaa kikavu, na mtungi ujazwe polepole.

Barakoa iliyovuliwa mapema

Hapa ndipo daktari wa majeruhi anapopata wasiwasi zaidi. Mchezaji huvaa barakoa uwanjani, anakopigwa na vidonge vya rangi, kisha huivua anapotoka kwenda kujaza mtungi, mahali ambapo hakuna risasi inayoruka. Lakini kule kwenye mashine ya kujazia ndiko mipira ya hewa hukatika, valvu hushindwa, na mitungi hufunguliwa na kufungwa. Watoto wanaosubiri zamu hukusanyika hapo hapo na nyuso zao wazi. Barakoa ibaki usoni mpaka mtu awe mbali na mashine, na kazi ya kujaza ifanywe na mhudumu aliyefunzwa, si na mteja.

Majeraha yake si ya aina moja. Mtungi uruko hupasua fuvu au mifupa ya uso. Aliyepigwa kichwani anaweza kusimama, akacheka, akasema hana neno, kisha baada ya saa chache akaanza kutapika, kusinzia au kuchanganyikiwa, kwa sababu damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Mtu huyo apelekwe hospitali hata kama anakataa, na shingo yake isipindwe njiani. Majimaji meupe yanayotoka puani au sikioni yasizibwe. Jicho lililotobolewa halioshwi wala halisuguliwi. Hufunikwa kwa kikombe cha karatasi kisichoigusa mboni. Ngozi iliyounguzwa kwa ubaridi wa hewa ya ukaa hutiwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huongeza madhara.

Jeraha linalodanganya kuliko yote ni lile dogo. Mkondo mwembamba wa hewa ya shinikizo kubwa waweza kutoboa ngozi ya kidole na kuacha tundu lisilozidi ncha ya sindano, huku hewa, pamoja na mafuta na uchafu, ikisambaa chini ya ngozi hadi kiganjani. Ukibonyeza hapo husikia mchakacho chini ya vidole, kama karatasi inayokunjwa. Maumivu huchelewa, na wengi hubandika plasta wakarudi kucheza. Mgonjwa wa namna hii ahesabiwe kuwa wa dharura tangu mwanzo, kwani kidole hicho chaweza kuhitaji upasuaji siku hiyo hiyo.

Upo pia mzaha ambao hospitali za nchi mbalimbali zimeuandika mara nyingi, nao hutokea zaidi kwenye gereji na viwanda kuliko kwenye viwanja vya michezo: kumwelekezea mwenzako mpira wa kompresa makalioni. Hewa hupenya hata kupitia nguo, ikajaza utumbo mkubwa na kuupasua kwa kitambo kisichozidi sekunde chache. Tumbo huvimba na kuwa gumu kama ngoma, pumzi hukata. Asipewe chakula, kinywaji wala dawa ya kuharisha. Apelekwe mahali penye daktari wa upasuaji, na aliyefanya mzaha aende naye akaseme ukweli, maana aibu ya mgonjwa huwachelewesha madaktari.

Tarehe iliyopigwa chapa

Kila mtungi halali hubeba umri wake shingoni au kwenye lebo. Kwa viwango vya Marekani, mitungi mingi hupimwa upya kila baada ya miaka 5, na baadhi ya ile ya nyuzi kila miaka 3. Kipimo chenyewe hufanywa kwa maji: mtungi hujazwa maji na kubanwa hadi shinikizo linalozidi lile la kazi, kisha hupimwa umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Maji hutumika kwa kuwa hayagandamiziki kama hewa; chupa ikishindwa, hupasuka na kuvuja bila kuruka.

Mingi ya mitungi ya nyuzi za kaboni hupewa miaka 15 tu tangu kutengenezwa. Anayenunua wa mtumba aisome tarehe hiyo kabla ya kuuliza bei. Atafute pia mikwaruzo iliyokata nyuzi, madoa ya kuungua na rangi mpya iliyopakwa juu ya ya zamani, kwa kuwa rangi hiyo huenda imefunika jambo. Mtungi uliopitisha umri wake hutolewa hewa yote taratibu na fundi, kisha hutobolewa, ili asitokee mtu wa kuuokota na kuujaza.