Siku 28 za Mapenzi: Hadithi ya Likizo Huanzia Wapi

Ukimwuliza mwandishi wa hadithi za mapenzi alikolipata wazo lake, mara nyingi atakutajia sura: alimwona mtu fulani mahali fulani, moyo ukapiga pa! Ni jibu tamu na wasomaji hulipenda, ila halielezi kitu. Sura zipo mwaka mzima. Pale mwaloni Mwigobero, mjini Musoma, watu huonana kila asubuhi wakibishania bei ya dagaa, na hakuna hadithi inayoandikwa. Kinachogeuza kuonana kuwa hadithi, hasa ile fupi ya mapenzi ya likizo inayosomwa ukiwa umekaa mara moja tu, ni kalenda. Watu wawili wamekutana, na wote wawili, pamoja na msomaji, wanaijua tarehe ya kuachana. Ndiyo maana naona mwandishi anayetaka kuandika hadithi ya aina hii atafute tarehe kwanza, wapenzi baadaye. Mkoa wa Mara una ushahidi wa kutosha wa jambo hilo.

Chukua kisa ambacho watu wa Butiama wanakijua. Julius Nyerere alikwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949, akarejea Tanganyika Oktoba 1952 na shahada yake. Maria Waningu, binti wa Baraki kule Tarime, alikuwa mwalimu wa Shule ya Nyegina, karibu na Musoma, na wawili hao walikuwa wamefahamiana kabla ya safari. Kazi ya ualimu iliyomngoja Nyerere ilikuwa Pugu, upande wa pili wa nchi. Kati ya kushuka melini na kuripoti Pugu ilibaki miezi michache, na katika miezi hiyo alikaa Butiama akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa mikono yake. Januari 1953 wakafunga ndoa Musoma. Wanahistoria hupita hapa mbiombio, maana wana haraka ya kufika TANU na mwaka 1954. Mwandishi wa hadithi ndiye anayepaswa kusimama. Yupo mtu aliyetoka mbali, ambaye kijiji hakijaamua kama ni mwenyeji au mgeni. Yupo mwanamke mwenye kazi yake, ambaye hakukaa miaka yote hiyo akitazama njia. Na upo ukuta unaopanda siku zikipungua. Msomi wa Ulaya anakanyaga udongo mbele ya watu walioamini kuwa shule hupelekwa mtoto ili atoke kwenye udongo. Tofali likichelewa kukauka, msomaji anaingiwa na wasiwasi, kwa sababu Pugu haisubiri. Ondoa Pugu, na tofali hilo ni tofali tu.

Mtu huyohuyo wa Butiama alikuja kufasiri tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wengi huikumbuka kwa mkopeshaji Shailoki na ratili yake ya nyama, wakasahau kwamba mambo yote yanaanza na kijana Bassanio anayetaka kwenda kuposa na hana nauli wala mavazi. Rafiki yake anamkopea, deni la miezi mitatu. Posa ile ina uzito kwa sababu siku za deni zinakwenda huku wapenzi wakipiga soga Belmont, nyumbani kwa msichana. Ondoa miezi mitatu, na kinachobaki ni kijana mwenye madeni anayemtamani msichana tajiri, watu ambao hawajawahi kuadimika popote duniani. Hollywood nayo, mwaka ule wa ndoa ya Musoma, ilitoa filamu ya Roman Holiday, binti mfalme anayetoroka na kukaa siku moja tu Roma. Siku moja ilitosha.

Hapo msomaji wa Bunda anaweza kunikatiza: likizo ni mambo ya watalii wanaopita geti la Ndabaka kwenda kuangalia nyumbu. Sisi tukirudi nyumbani Desemba tunarudi kulima, kulipa madeni ya dukani, kuhudhuria msiba tuliokosa na kusuluhisha ugomvi wa shamba. Mapenzi yatapata wapi nafasi? Pingamizi hili ni zito, lakini linaipa hoja nguvu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo humo. Toa siku za basi kutoka Dar es Salaam hadi stendi ya Bweri na kurudi. Toa siku za palizi, za kumpeleka mama hospitali, za kikao cha ukoo. Mapenzi yanabaki na alasiri chache za kuiba, na alasiri za kuiba ndizo zinazoandikika. Mtalii mwenye wiki mbili za kulala ufukweni ana muda mwingi mno. Mwandishi anayemchagua itabidi amzulie vikwazo. Nesi wa Muhimbili aliyerudi Nyamuswa anavyo tayari, kuanzia shangazi anayeuliza kila asubuhi, "Leo tena unakwenda wapi?"

Tena likizo haitoki kwa mwajiri peke yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwenye giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa na vijana hupanda mjini wakiwa na hela mfukoni. Hiyo ni likizo ya kila mwezi, na yenye kuipanga ni mbingu. Nashangaa hadithi zetu nyingi za mapenzi bado zinaanzia kwenye hoteli za Dar es Salaam wakati Ziwa Victoria lina saa yake ya ukutani inayoonekana na kila mtu.

Na kama kuna anayedhani pendo linaloandamwa na wakwe na masharti haliwezi kusisimua, avuke kwa kivuko cha Kisorya hadi Rugezi, aingie Ukerewe alikoishi Aniceti Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye. Mke amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume wamemsimanga kuwa hazai. Mume anafunga safari ya ukweni kumrudisha, anatozwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo inabidi itengenezwe: ndizi zivundikwe, zikamuliwe, zichachuke kwa siku zake. Ndizi haziharakishwi kwa sababu mtu ana hamu ya mkewe. Kitabu chenyewe ni kirefu sana na hakina haraka hata kidogo, lakini mlango wake wa kuingilia ungeweza kusimama peke yake kama hadithi fupi ya kusomwa usiku mmoja.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la simu. Zamani basi likiondoka, limeondoka. Leo wapenzi wanaagana Bunda saa kumi na mbili asubuhi, na kabla basi halijafika Lamadi wameshatumiana picha tatu. Tarehe ya kuachana imekufa, basi na hadithi ya likizo imekufa nayo. Nadhani ni nusu ya kweli. Simu inabeba maneno na inabeba hela, pamoja na ile ya kutolea, ambayo siku hizi ni kipimo kizuri cha upendo. Haibebi mashahidi. Nyumbani, mtu anapendwa mbele ya watu: mjomba anamwona akisaidia kushusha magunia, jirani anasikia anavyomsalimu bibi, watoto wanaleta habari. Siku 28 zikiisha, kinachokatika ni ule ushahidi, na kuurudisha inabidi kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo mwandishi wa leo asiandike kana kwamba simu haipo, maana msomaji atamcheka. Aiache iite, kisha aonyeshe isichoweza.

Kuna jambo moja ambalo hadithi ya Desemba ikilikwepa kwa Mara itakuwa ya uongo. Kwa baadhi ya wasichana, hasa Tarime, Serengeti na sehemu za Butiama, kufungwa shule hakuleti raha. Ndio msimu wa ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 tangu sheria ya mwaka 1998, na ndio msimu nyumba salama za Mugumu na Kiabakari zinapojaa wanaowakimbia wazazi wao. Wapo watakaosema hadithi nyepesi ya sikukuu haiwezi kubeba mzigo huo. Sikubaliani. Haihitaji kuugeuza kuwa hotuba. Inatosha mhusika mkuu awe na mdogo wake wa miaka 13, na arudi nyumbani akijua kalenda ya wazee wa mila kama anavyoijua ya kwake. Tarehe mbili zinakimbizana, ya mapenzi na ya mdogo wake. Na wapenzi wenyewe wawe watu wazima wenye kazi. Mapenzi ya mwanafunzi aliye likizo hayana utamu wa kuandikwa katika nchi ambayo kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30, na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilishatuonyesha jinsi binti anavyoharibikiwa kati ya ukali wa baba nyumbani na uhuru wa ghafla shuleni.

Kinachobaki ni mwisho, na hapa waandishi wengi wa hadithi za sikukuu hujiharibia. Wanawafungisha watu ndoa tarehe 31 Desemba. Kwa mila za Mara, ambako mahari ya ng'ombe hujadiliwa kikao baada ya kikao na mshenga huchakaza soli za viatu, ndoa ya wiki nne haiaminiki. Nyerere na Maria walifika kanisani Januari kwa sababu walianza miaka kabla. Hadithi fupi haina miaka hiyo. Inaweza kuishia pale mhusika, tuseme mwalimu wa Mbeya aliye likizo, siku ya 27, anapoketi kwenye meza ya duka la vifaa vya shule na kuandika maombi ya uhamisho kuja Halmashauri ya Butiama, akiwa hajamwambia mtu. Kama uhamisho utakubaliwa, hilo ni suala la ofisi, na linaweza kuchukua riwaya nzima.