Je, Wajua? Kiungulia na Mawazo ya Mtu

Je, wajua kwamba watu wengi wanaosumbuliwa na kiungulia hawana asidi nyingi tumboni kuliko wenzao wasiosumbuliwa? Tumbo la mtu mzima hutoa lita 1.5 hadi 2 za majimaji ya kusagia chakula kila siku, na ndani yake mna asidi ya haidrokloriki, ile ambayo tabibu William Prout wa London aliitambua mwaka 1824. Ukuta wa tumbo umevikwa ute mzito unaoukinga. Umio, mrija wa sentimita 25 hivi unaoshusha chakula kutoka kooni, haukupata kinga kama hiyo. Asidi ileile inayokaa tumboni bila kumdhuru mtu humchoma ikipanda kidogo tu juu ya mpaka wake.

Mpaka huo unalindwa na msuli wa mviringo wenye urefu wa sentimita 3 au 4. Hulegea tunapomeza, kisha hubana. Hulegea pia wakati hatumezi chochote, ili hewa ipate njia ya kutoka, na ndipo tunapobeua. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1982 kwamba mara nyingi asidi hupenya katika vipindi hivyo vifupi vya kulegea. Dawa za duka la dawa hupunguza makali ya asidi, lakini haziuambii msuli huo ubane lini wala uachie lini. Hapo ndipo mwenendo wa mtu, usingizi wake na mawazo yake yanapoingia.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili ambayo mitaani kwetu huchanganywa kila siku. Moto wowote wa tumboni huitwa vidonda vya tumbo, na mtu hukaa miaka mingi akijitibu ugonjwa asiokuwa nao. Kwa muda mrefu madaktari wenyewe walifundisha kwamba vidonda huletwa na msongo wa mawazo. Mwaka 1984, daktari Barry Marshall wa Perth, Australia, alikunywa bakuli la bakteria wa Helicobacter pylori ili kuthibitisha kwamba vijidudu hao ndio huwasha ukuta wa tumbo. Akaugua kweli. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vidonda vingi basi vina mdudu wake, au vinatokana na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Ila wapo waliovuka mpaka wa ushahidi huo wakasema kwamba mawazo hayana lolote na tumbo. Hilo si kweli, na lilikwisha kuonekana kwa macho zamani.

Je, wajua kwamba kuna watu wawili ambao matumbo yao yalikuwa na dirisha? Wa kwanza ni Alexis St. Martin, kijana wa Kanada aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamtoboa chini ya ziwa la kushoto. Alipona, lakini tundu halikuziba. Daktari wa jeshi William Beaumont akaanza mwaka 1825 kufunga vipande vya nyama kwenye uzi wa hariri, kuvipitisha tunduni na kuvitoa baada ya saa kadhaa kuona vimesagika kiasi gani. Katika kitabu chake cha mwaka 1833 aliandika, miongoni mwa mengi, kwamba kijana huyo akipandwa na hasira kali, nyongo ilionekana ndani ya tumbo ambamo kwa kawaida haikuwamo. Hakumtendea haki sana St. Martin, ambaye alichoka kuwa kitu cha majaribio akakimbilia kwao mara kadhaa. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike kabla ya kuuzika, ili madaktari wasiutamani.

Wa pili anajulikana zaidi kwa jina la Tom. Mwaka 1895, akiwa na miaka 9, alimeza supu ya moto sana, umio wake ukaungua na kuziba kabisa. Alifunguliwa njia ya kulishwa moja kwa moja tumboni, akaishi hivyo maisha yake yote: alitafuna chakula apate ladha, kisha akakitia tumboni kupitia tundu. Miaka ya 1940, mjini New York, madaktari Stewart Wolf na Harold Wolff walimwajiri katika maabara yao na kulitazama tumbo lake siku baada ya siku. Siku moja daktari aliingia kwa kishindo akitafuta karatasi zilizopotea. Tom, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga vitu chumbani humo, aliogopa kwamba lawama itamwangukia. Uso ukamsawijika, na ukuta wa tumbo nao ukapauka vilevile. Karatasi zilipopatikana, rangi ilirudi kote kuwili. Siku nyingine alilaumiwa kwamba kazi yake ni ya ovyo. Alinyamaza, lakini tumbo liliiva jekundu na asidi ikaongezeka. Hofu ililitendea jambo moja, hasira iliyofichwa ikalitendea jingine.

Msomaji anaweza kuhitimisha hapa kwamba mawazo huongeza asidi na shauri limekwisha. Tumbo la Tom, hata hivyo, lilikuwa tumbo la mtu mmoja. Watafiti wa baadaye walipitisha mirija myembamba puani mwa wenye kiungulia, wakapima asidi ndani ya umio huku wakiwapa kazi za kuwatia wasiwasi. Jibu lililochapishwa mwaka 1993 liliwashangaza wengi: wagonjwa, hasa wale wenye tabia ya wasiwasi, walisema wanaungua zaidi, ilhali kipimo cha asidi kilikuwa hakijapanda. Msongo ulikuwa umefanya kama mtu aliyeongeza sauti ya redio bila kubadili kituo. Asidi ileile, maumivu makubwa zaidi.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimesikia mara nyingi mgonjwa akiambiwa kwamba anawaza sana, kwa sauti ya kumfukuza, kana kwamba ugonjwa wake ni wa kujitungia. Maumivu hayo ni ya kweli. Mwaka 2007 watafiti waliwapa panya msongo wa muda mfupi, wakakuta chembe za ukuta wa umio zimeachana nafasi, na vitu vyenye kuwasha vinapenya kwa urahisi zaidi. Mwaka huohuo, watafiti wa Marekani waliwanyima usingizi wagonjwa wa kiungulia, kisha wakawadondoshea asidi kidogo kwenye umio: walipolala saa chache mno walihisi kuungua mapema zaidi na kwa ukali zaidi kuliko walipolala vya kutosha. Anayemwambia mgonjwa apumzike hampi maneno matupu ya kumliwaza. Anampa tiba, ingawa haiuzwi dukani.

Mate nayo ni dawa ya bure. Tunatoa karibu lita moja kwa siku, yana bikaboneti ndani yake, na kila funda linaloshuka husafisha asidi iliyobaki kwenye umio. Mwenye hofu hukaukwa na kinywa. Mvuta sigara hupungukiwa na mate, tena nikotini hulegeza ule msuli wa mlangoni. Usingizini mate karibu hukatika kabisa, ndiyo maana kiungulia cha usiku huacha majeraha mabaya kuliko cha mchana.

Je, wajua kwamba pumzi inaweza kufundishwa kuulinda umio? Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, huuzunguka umio mahali palepale penye mlango wake na kuusaidia kubana. Mjini Graz, Austria, watafiti waliwachukua wagonjwa 19 na kuwafundisha baadhi yao kupumua kwa tumbo, jinsi waimbaji wanavyojizoeza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: baada ya wiki 4, muda ambao asidi ilikaa kwenye umio ulipungua kwa waliofanya mazoezi, na walioendelea nayo walitumia dawa kidogo zaidi miezi kadhaa baadaye. Idadi ni ndogo, nakiri, lakini zoezi halina gharama wala madhara. Kaa wima, weka kiganja juu ya kitovu, vuta pumzi puani polepole mpaka kiganja kisukumwe nje huku kifua kimetulia, kisha itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Zoezi hilohilo hutuliza mapigo ya moyo na kumshusha mtu kutoka kwenye taharuki.

Kuhusu kulala, tumbo limeelemea upande wa kushoto. Ukilala kwa ubavu wa kushoto, mlango wa umio unakuwa juu ya majimaji. Kwa ubavu wa kulia unakuwa chini yake. Utafiti wa Amsterdam wa mwaka 2022 uliona kwamba asidi hupanda kwa wanaolala kushoto pia, ila huondoka upesi zaidi. Waislamu wengi hulala kwa ubavu wa kulia kwa kufuata sunna, na kwao iko njia nyingine nzuri: kuinua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa matofali au vipande vya mbao, sentimita 15 hadi 20. Mito haitoshi. Mito mingi humkunja mtu kiunoni, na tumbo likabanwa zaidi.

Kubanwa kwenyewe kuna habari yake. Watafiti wa Glasgow waliwafunga watu wazima wasio na ugonjwa mkanda kiunoni, wakaona asidi ikipanda zaidi baada ya chakula. Taarifa yao ilitoka mwaka 2014. Kanga iliyokazwa kwa kazi za jikoni, mkanda wa suruali uliovutwa tundu moja zaidi na kitambi chenyewe vyote hufanya jambo hilohilo. Wataalamu waliopitia tafiti nyingi mwaka 2006 walikuta kwamba kupunguza uzito na kuinua kitanda vina ushahidi imara, kuliko zile orodha ndefu za vyakula vya kukatazwa. Kwa maoni yangu orodha hizo zinawaumiza wengi. Mtu ananyang'anywa nyanya, chai, pilipili, ndimu na maharage kwa siku moja, kisha anakaa mezani akiogopa sahani yake. Heri ajichunguze, ajue ni kipi hasa kinachomchoma, aache hicho, na hivyo vingine ale kwa amani, kidogo kidogo, saa 3 kabla ya kulala.

Mwezi wa Ramadhani kanuni hiyo ni ngumu kuliko wakati wowote. Tumbo lililokaa tupu mchana kutwa hujazwa kwa mara moja wakati wa futari, na baada ya daku mtu hurudi kitandani papo hapo. Uji, tende chache na maji kwanza, kisha swala, kisha chakula chenyewe kwa kiasi: mpangilio huo wa wazee wa pwani unalipa tumbo nafasi ya kupokea kidogo kidogo.

Wengine hukimbilia magadi. Ni kweli yanatuliza, kwa kuwa ni chumvi ya kaboneti inayopatana na asidi na kuacha maji, chumvi na gesi. Gesi hiyo hulitanua tumbo na kulegeza mlango tena, na sodiamu nyingi si rafiki wa mwenye shinikizo la damu.

Wajawazito wengi huambiwa kwamba kiungulia ni nywele za mtoto. Mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walitaka kuonyesha kwamba hiyo ni hadithi tu. Waliwafuatilia wanawake 64. Kati ya 28 waliokuwa na kiungulia cha wastani au kikali, 23 walizaa watoto wenye nywele za kutosha au nyingi. Kati ya 12 ambao hawakuungua kabisa, 10 walizaa watoto wenye nywele chache. Inadhaniwa kwamba homoni zilezile za ujauzito hulegeza mlango wa umio na kustawisha nywele.

Lipo moja ambalo halitibiwi kwa pumzi wala kwa kuinua kitanda. Eneo la mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani ya umio kwa wingi. Aina iliyoenea huku haitokani na kiungulia. Miongoni mwa vinavyoshukiwa ni vinywaji vya moto mno, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Iache chai ipoe kidogo. Na mtu anayeona ugali unakwama kifuani, kisha uji nao unaanza kukwama, anayepungua uzito, kutapika damu au kupata choo cheusi, asiendelee kununua dawa za kiungulia. Aende hospitali wiki hiyohiyo na aombe apimwe umio kwa kamera. Mwenye maumivu ya kifua yanayotambaa hadi mkononi au kwenye taya, huku jasho jembamba likimtoka, aende saa ileile, kwa sababu moyo na umio hupeleka habari zao kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu iliyo jirani, na hata daktari huhitaji kipimo ili kuvitofautisha.