Kaole na Bagamoyo: Pwani Yenye Kumbukumbu

Katika nchi ya Tanzania, kando ya Bahari ya Hindi, kiko kijiji kiitwacho Kaole. Kutoka hapo hata mji wa Bagamoyo ni mwendo wa kilometa 5 hivi. Siku za mapumziko watu wengi wa Dar es Salaam huja pwani hiyo pamoja na watoto wao, kuoga baharini na kucheza mchangani. Si vibaya: bahari ni zawadi ya Mungu. Lakini afikaye pale asiulize habari za mahali, ameona nusu tu.

Kaole ni ya kale sana. Magofu yake yatuonyesha misikiti miwili na makaburi ya mawe. Msikiti mmoja ni wa karne ya 13. Baadaye mikoko ilienea mbele ya bandari, vyombo vikashindwa kukaribia, na biashara ikahamia Bagamoyo.

Katika karne ya 19 njia ya misafara iliishia huko. Ilianza mbali, hata katika nchi yetu, Maniema, ikapita Ujiji na Tabora, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Wapagazi walichukua pembe za ndovu mabegani. Watumwa walikwenda wamefungwa minyororo, na wengi walikufa njiani. Watu husimulia kwamba jina Bagamoyo latoka katika maneno «bwaga moyo». Mpagazi alibwaga mzigo wake akapumzika. Mtumwa alibwaga matumaini yake, maana mbele yake palikuwa na jahazi la kumvusha Unguja.

Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walifungua misioni Bagamoyo. Waliwakomboa watoto watumwa kwa fedha, wakawafundisha sala, kusoma, kilimo na ufundi. Walipokua na kufunga ndoa walipata kijiji chao. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja.

Tukumbuke pia kwamba Kiswahili hiki tukisomacho kilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo ya misafara. Lugha iliyotumiwa kuhesabu watumwa ndiyo tusaliyo leo Baba Yetu.

Basi, enyi wazazi, ikiwa katika ukoo mtu adharauliwa, au posa yakataliwa, kwa kuwa babu yake alikuwa mtumwa, wafundisheni watoto wenu ukweli. Aibu si ya yule aliyefungwa mnyororo, bali ya yule aliyemfunga.