Akoko, Ng'ombe 30 na Haki ya Kuondoka

Ukiishika barabara ya Majanji kutoka Lumino, Busia ya Uganda, unaishia ziwani. Kusini zaidi, ukishapita Port Victoria na kinamasi cha Yala, ndiko Yimbo, Kenya, kwao Akoko, shujaa wa riwaya ya Margaret Ogola, The River and the Source, iliyotoka mwaka 1994. Akoko ni Mluo wa kubuniwa, lakini ziwa lake ndilo wanalovua Wasamia wa Lumino, na lugha yake ina undugu na ya Wajopadhola wa Tororo. Wasichana wa mpakani wana sababu ya kumsoma kama jirani.

Mahari yake ilikuwa ng'ombe 30. Mumewe, Owuor Kembo, alikuwa chifu wa Sakwa, na chifu wa zama hizo alitarajiwa kuwa na wake wengi na watoto wengi zaidi. Akoko alizaa wachache. Mama mkwe akamwandama, akamwita mchawi aliyemfunga mwanawe asioe tena. Siku moja Akoko akachoka, akarudi kwao Yimbo.

Hapo ndipo riwaya inaponigusa zaidi. Akoko aliondoka akiwa na pa kwenda. Shauri likafika kwa wazee, naye akarudi Sakwa heshima yake ikiwa imara. Owuor hakuoa mke wa pili maisha yake yote. Tunapenda kusifu uaminifu huo wa mume, na kweli unastahili sifa. Mimi naupima pia kwa mwanamke: Owuor alibaki na mke ambaye alishaonyesha kwamba anaweza kumwacha. Mke asiyeweza kuondoka, nani atajua kama anapenda au anavumilia tu?

Swali hilo la haki ya kuondoka lilifikishwa mahakamani kutoka Tororo. Shirika la MIFUMI, lenye jina la kijiji cha huko, lilifungua kesi ya kikatiba kuhusu mahari mwaka 2007. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikaitupa. Wakakata rufaa, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku.

Nadhani majaji waligusa penye kidonda. Ng'ombe wa binti hawakai zizini kumsubiri. Huenda kaka yake ameshatoa baadhi kuoa mke, wengine wameuzwa kulipa karo, wengine wamekufa. Binti akirudi na alama za kipigo, wazazi wanamhurumia, kisha wanahesabu mifugo ambayo hawana tena, na asubuhi shangazi anamsindikiza kwa mume. Wanampenda, ila deni limewafunga mikono. Kwa hiyo wazee wanapokaa kupatana mahari leo, Lumino au Tororo, wangelitamka hilo mbele ya binti mwenyewe na mashahidi wa pande zote: mambo yakiharibika, hakuna atakayedaiwa ng'ombe.

Mahari ni nusu ya habari. Owuor alipokufa, na wana wakafa, shemeji aliyeitwa Otieno alikalia kiti cha uchifu na kuanza kutapanya mali. Mrithi alikuwa mjukuu, mtoto mchanga. Akoko akafunga safari hadi Kisumu kwa serikali ya Wazungu, mjane asiyejua lugha yao, akaeleza shauri lake mpaka akasikilizwa.

Wajane wa Busia wanawajua akina Otieno. Sheria ya Mirathi ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa kumfukuza mjane katika nyumba aliyoishi na mumewe ni kosa la jinai. Shemeji anayekuja na kufuli siku chache baada ya mazishi anapaswa kuambiwa hivyo na mwenyekiti wa kijiji, pale pale uani, kabla mama wa watu hajalazimika kutafuta nauli ya kwenda mahakamani.